Mpira wa Gesi

31 Mei

Sindano, mdogo wangu,

Lori linapiga honi hapo nje na wifi yako ameshapanda mbele na birika mapajani, kwa hiyo naandika mbio. Ukifika jioni utaikuta barua hii juu ya meza ya jikoni. Mama yuko kwa jirani. Amekataa kutuona tukiondoka, anasema hapendi kutazama mgongo wa lori.

Najua utanicheka na kuniita Mkaguzi, lakini nyumba haikabidhiwi kienyeji. Tuanze na umeme. Mita ipo ukutani, nje ya mlango wa jikoni, na leo asubuhi inasoma 40817. Iandike, uipeleke ofisi ya umeme pamoja na namba ya akaunti niliyoibandika ndani ya kabati la vyombo, uwaambie waondoe jina langu waweke lako. Usisahau kufunga akaunti ya chumba chako cha kupanga. Soma mita yake mbele ya mwenye nyumba na nyote wawili mtie sahihi, la sivyo mpangaji atakayekuja atapiga pasi kwa jina lako mwaka mzima. Swichi kuu ipo nyuma ya mlango wa sebuleni. Hukatika ukiwasha pasi na cherehani kwa pamoja, kwa hiyo chagua moja.

Gesi: mtungi umebaki kama nusu. Jiko ni lile lile, na kila kitu kipo kama ulivyokiona ulipokuja mwezi wa kwanza.

Nyumba za walimu ziko nyuma ya mlima na simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Gari la shule hushuka kila Ijumaa, linapeleka barua na kurudi nazo. Basi tuandikiane kama zamani.

Mtunze Mama. Chai yake isiwe na sukari, hata akikuapia kwamba daktari ameruhusu.

Kaka yako,
Mkaguzi


9 Juni

Kaka Mkaguzi,

Nimehamia, nimepanga, nimechoka. Cherehani nimeiweka chini ya dirisha la chumba chenu, mwanga ni wa bure kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Mama ananishonea vifungo na kutarizi matundu yake kwa mkono. Wateja wanadhani nina mashine ninayoificha, kumbe ni bibi wa miaka sabini na mbili na miwani yake puani. Tunapiga soga tangu chai mpaka jua kuzama. Sikujua kwamba nilikuwa mpweke kwenye kile chumba changu mpaka nilipotoka.

Ofisi ya umeme wamenipiga danadana siku tatu. Dirisha la kwanza lilinituma la tatu, la tatu likanirudisha la kwanza, na la pili lina bwana anayekunywa chai tu. Wa dirisha la tatu akaniuliza, "Mwenye jina yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyuma ya mlima. "Amefariki?" Nikasema hapana, ni mwalimu. Akanitazama kama mtu asiyeona tofauti kubwa. Wanataka barua yako yenye sahihi, useme umehama na umenikabidhi mita. Niletee upesi, maana bila hiyo hawaji kuisoma.

Jambo dogo jingine. Mama anasema jikoni kunanuka gesi. Mimi nimenusa kila pembe, nasikia rangi niliyopaka dirishani basi. Nikamwambia, Mama, mpira wa gesi ni mpya, kaka aliubadilisha mwezi wa kwanza mbele yetu na akajisifu mpaka tukachoka. Akarudi kwenye vifungo vyake, lakini unamjua, hakuridhika.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Sindano


16 Juni

Sindano,

Nimeambatanisha barua ya ofisi ya umeme, yenye sahihi yangu na muhuri wa shule. Muhuri hauhitajiki, lakini wa dirisha la tatu akiona wino wa bluu atajua kwamba bado niko hai.

Shule si mbaya. Madarasa manne, walimu watano, na kengele ambayo ni rimu ya gurudumu. Wifi yako hakutaka kuja huku, hilo unalijua, lakini siku ya kwanza tu alipika na moyo wake ukatulia kidogo. Amepanda mboga nyuma ya nyumba.

Kuhusu harufu, fungueni madirisha mnapopika. Halafu jizoeze kuufunga mtungi wenyewe kila ukimaliza, usitegemee vitufe vya jiko. Ni tabia nzuri tu kwa nyumba yoyote. Zungusha mpaka mwisho, kila mara, usisahau.

Sijui kwa nini barua hii ni fupi. Nina madaftari ya kusahihisha.

Kaka yako,
Mkaguzi


30 Juni

Kaka,

Usishtuke ukiona mwandiko umepinda. Mama yuko hai, anaongea, jana alidai sukari.

Jumatano jioni walikuja wa umeme. Nilikuwa napika. Niliposikia hodi nilizima jiko kwa kitufe, nikatoka kuwaonyesha mita, wakaisoma, nikatia sahihi, wakabadilisha jina palepale. Nilifurahi kama mtu aliyepewa hati ya shamba. Nikarudi ndani kumalizia sare za watu kabla hazijafuatwa, na jikoni sikuingia tena.

Mtungi sikuufunga, kaka. Uliniandikia wazi, ukarudia mara mbili, na siku zote nilikuwa naufunga. Siku hiyo moja nilisahau.

Asubuhi Mama aliamka kabla yangu. Alikuwa na mafua, hakunusa kitu. Akawasha kiberiti achemshe chai. Nilisikia kishindo kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo. Nilipofika nywele zake za mbele zilikuwa zimeungua, na mkono wa kulia, ule wa sindano, ngozi ilikuwa imening'inia. Yeye ndiye aliyeufunga mtungi, kwa mkono uleule, kabla sijamfikia.

Wamemlaza siku nne. Daktari anasema uso utapona bila alama. Vidole hataki kuviahidi.

Sina la kujitetea.

Sindano


5 Julai

(Haikumaliziwa wala haikutumwa.)

Sindano,

Si wewe. Ule mpira wa gesi uliopo hapo kwenu si mpya. Siku ya kuhama nilifungua mpya nikautia kwenye ndoo ya kubebea sufuria, nikafunga mahali pake ule wa zamani niliokuwa nimeutupa stoo. Nyumba ya huku ina jiko lakini haina mpira, na niliogopa wifi yako akikuta hawezi kupika siku ya kwanza atageuza na lori lilelile. Nilisema nitanunua mwingine njiani na kukutumia. Duka lilikuwa limefungwa. Halafu nika


5 Julai

Sindano, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nashukuru Mungu kwamba Mama yuko hai.

Usijilaumu. Nakusihi sana, usijilaumu hata kidogo. Ajali haipangwi.

Niambie mambo machache. Fundi wa gesi amekuja kukagua? Amesema nini? Na mpira ameutazama, au umeungua wote? Usiwashe jiko hilo tena, lifungeni, mtungi utoeni nje.

Ningeshuka leo, lakini mitihani imeanza na mwalimu mkuu hatoi ruhusa.

Kaka yako


17 Julai

Kaka yangu mpenzi,

Nilifungua barua yako nikijua nitakuta moto wa pili. Hukunigombeza hata neno moja. Wengine wote wamenigombeza, hadi jirani aliyekuja kuazima ungo. Nimeikunja nimeiweka ndani ya mto wangu, na nikiona roho imebanwa naitoa naisoma pale unaposema nisijilaumu. Mungu akuzidishie.

Fundi alikuja. Akaupindapinda mpira mbele yangu akasema, "Mama, huu una ufa wa siku nyingi. Gesi ilikuwa inatoka hapa shingoni." Nikamwambia haiwezekani, mpira ule kaka yangu aliununua mwezi wa kwanza na kuufunga mimi nikimwangalia, na kaka yangu si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Akasisitiza. Nikamwambia anatafuta kuniuzia mwingine na kwamba ni mwongo. Kaka, nilimwita mwongo mbele ya watu, mtu mzima na mfuko wake wa spana. Mwisho akainua mikono akaandika kwamba mpira ulipasuliwa na moto na kwamba chanzo ni mtungi kuachwa wazi. Nikatia sahihi. Sikutaka jina lako liingie kwenye uzembe wangu.

Sasa la pili. Baba Mkubwa, ambaye tangu astaafu ukarani wa mahakama hajaacha kutoa hukumu, aliitisha kikao cha ukoo Jumapili. Waliniuliza maswali saa nzima. Kwa nini hukufunga? Mama yako alipokuambia kunanuka, kwa nini hukumsikiliza? Nikakiri kwamba ni kweli alinusa, na mimi nikadhani ni rangi. Wameamua Mama aje kwako mwisho wa Agosti, kwa kuwa wewe ni mtu wa utaratibu. Baba Mkubwa amekuandikia mwenyewe.

Mama hakuulizwa. Alikaa na mkono wake umefungwa bandeji, na wote walipoondoka akaniambia, "Kwani mimi ni mzigo wa kupandishwa lori?" Nikashindwa kumtazama.

Nimekubali. Nitasema nini?

Mdogo wako,
Sindano


24 Julai

Sindano,

Barua ya Baba Mkubwa nimeipata. Amenisifu ukurasa mzima.

Chumba kipo. Wifi yako amekifagia na kuweka pazia. Mwambie Mama huku kuna upepo mzuri.

Kuna jambo nilitaka kukueleza, ila si la barua. Au labda ni la barua. Nitaandika wiki ijayo.

Vidole vyake vinaendeleaje?

Kaka


8 Agosti

Kaka,

Nilisubiri barua ya wiki iliyopita, haikuja. Natumaini ni madaftari tu.

Vidole viwili vya mwisho havikunjiki. Kidole gumba na cha shahada vinakaribiana lakini havikutani. Jana alichukua sindano, akaidondosha, akaiokota, akaidondosha tena. Mara ya nne akaniambia anaona usingizi, akaenda kulala, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Naandaa mizigo yake. Nimeanza na vitu vya baridi kwa kuwa huko kuna mlima. Kila ninachokunja anakikunjua. Hagombi, anasema tu amekumbuka atakihitaji kesho. Kwa mtindo huu tutamaliza mwakani.

Mimi jiko siliwashi tena, si la gesi wala la mkaa. Nikishika kiberiti vidole vinakufa ganzi. Jirani ndiye anayetupikia, nami namshonea. Hata umeme naukagua. Nikimaliza kushona nazima swichi kuu, nachomoa cherehani, halafu baada ya muda naamka kwenda kuona kama kweli nimezima. Mama akikohoa tu najiuliza nimefanya nini tena. Kwa hiyo labda Baba Mkubwa amesema kweli, sifai kukaa na mtu.

Nyumba nitaifunga akiondoka. Nitarudi chumba cha kupanga, kama bado hakijapata mtu. Niambie utaratibu wa kukata umeme, wewe unaujua. Nisome mita siku ileile, au siku moja kabla?

Sindano


14 Agosti

Mdogo wangu,

Mita usiisome. Nyumba usiifunge. Mama haji huku.

Fundi alisema kweli. Mpira ule una ufa wa siku nyingi, na naujua ufa huo kwa sababu mimi ndiye niliyeugundua mwezi wa kwanza, na ndiyo maana niliubadilisha. Siku ya kuhama niliuondoa mpya nikaupakia kwenye lori, nikakurudishia ule mbovu. Halafu nikakaa mezani nikakuandikia kwamba kila kitu kipo kama ulivyokiona. Wino ulikuwa haujakauka nami nilijua ni uongo. Nilijifariji kwamba ni uongo wa siku mbili tatu, mpaka nipate duka lililo wazi.

Hilo si baya kuliko yote. Baya ni barua yako ya tarehe tisa Juni. Ulipoandika kwamba Mama ananusa gesi, nilijua palepale, kwenye mstari uleule. Nilikuwa na karatasi na kalamu na gari lilikuwa linashuka Ijumaa iliyofuata. Ningeandika maneno matano: usiwashe jiko, mpira ni mbovu. Lakini ningeandika hayo ungeniuliza umekuwaje mbovu na ni mpya, na mimi, Mkaguzi, ningeaibika. Nikakuambia ufunge mtungi. Nilikupa kazi ya kuziba uongo wangu kila siku kwa mkono wako, bila kukuambia, na siku moja ulipopitiwa nikakuachia lawama yote.

Kisha nikakuandikia usijilaumu. Ukaiweka barua hiyo kwenye mto. Tangu niliposoma hivyo sijalala usingizi wa maana. Nimeandika barua hii mara sita na kuichana mara tano. Ile ya kwanza kabisa niliiandika tarehe tano Julai, na ningeituma ungeenda kwenye kikao ukiwa na la kusema.

Wifi yako hakujua. Nilimwambia Jumapili. Hakupiga kelele. Alienda jikoni akaufungua mpira kwa mikono yake, akauweka juu ya meza yangu ya madaftari, akatoka nje akawasha kuni. Anapika nje tangu siku hiyo na haniiti chakula kikiiva.

Humu ndani nimeweka barua ya kumpelekea Baba Mkubwa. Nimeeleza yote, haijafungwa, unaweza kuisoma. Ukiona inafaa mpelekee. Ukiona itavuruga ukoo, ichane, nami nitatafuta njia nyingine ya kuzuia Mama asihamishwe. Nakuachia wewe uamue. Na Mama msomee hii, kwa upole, ukichagua wakati mzuri.

Sijui nikuombe nini. Nimekukosea vibaya.

Kaka yako


23 Agosti

Kaka,

Niliisoma nikiwa nimeketi kwenye cherehani. Nilipomaliza, kitu cha kwanza nilichofanya si kulia. Nilitembea mpaka sokoni nikamtafuta yule fundi wa gesi, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimwita mwongo mbele ya watu. Akasema, "Yameisha, mama." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia kaka yangu ameniandikia. Akatikisa kichwa akaendelea kukaza nati zake. Huyo mgeni nilimwaibisha kwa ajili yako, na imemchukua dakika moja kunisamehe. Wewe sina dakika hiyo leo. Sijui lini nitakuwa nayo.

Langu nalijua. Mama alinusa nikampuuza, na mtungi niliuacha wazi. Hilo ni langu na sitakutupia. Lakini siku hamsini na kitu nimelibeba langu na lako pamoja, nikidhani yote ni yangu. Nilifika mahali pa kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Na kila nilipozidiwa nilisoma barua yako nikasema, angalau kaka ananionea huruma. Umenichoma hapo, kaka, kuliko kwenye mpira.

Barua uliyomwandikia Baba Mkubwa nakurudishia. Imo humu ndani, sijaichana wala sijaipeleka. Uliniachia mtungi niufunge, sasa unaniachia hii niamue. Sitaki. Kikao nimekiitisha mimi, Jumapili ya tarehe saba, na nimewaambia wewe ndiye utakayezungumza. Wanadhani unakuja kumchukua Mama. Sikuwasahihisha.

Mama naye sijamsomea. Kila asubuhi ananiuliza kama gari la Ijumaa limeleta barua, na jirani akija anamwambia kwamba mwanawe wa kiume hajawahi kumdanganya tangu utotoni. Mimi sina mdomo wa kumvunjia hilo. Utalivunja wewe, umemtazama usoni, na mkono wake utauona ukiwa hapo. Kabla ya kikao, si baada yake, asije akalisikia kwa Baba Mkubwa.

Mizigo yake nimeifungua yote na kuirudisha kabatini. Alinitazama akauliza kulikoni. Nikamwambia anabaki hapa. Akaninyooshea mkono mzima, akaomba kitambaa na sindano, ajaribu mkono wa kushoto. Tundu la kwanza limetoka limepinda vibaya sana, na shati nimelikabidhi hivyohivyo.

Basi la asubuhi hufika saa nne. Usilete zawadi, wala huo mpira. Mama atakuwa sebuleni. Nitakufungulia mlango na kukuletea maji ya kunywa, na nitakaa humo humo, lakini sitakusaidia hata neno moja.

Mdogo wako